Meza ya Kuteleza

1

Neno lilimponyoka Atuganile Mwakalobo akiwa na tonge la ndizi mkononi, na kabla tonge halijafika kinywani sheria ilikuwa imeshamkamata.

Ilikuwa saa saba na nusu mchana, siku ya gulio. Makarani wa Ofisi ya Kauli walikuwa wameketi barazani wakila ndizi na maharage, kama walivyozoea. Mwanamke mmoja wa ziwani akapita mbele yao na vyungu vitatu kichwani, amekaza mwendo kuelekea langoni, maana saa nane ikigonga mtu wa ziwani hatakiwi kuonekana mjini. Atuganile aliinua macho. Yeye anakula, mtu anapita. Akasema alichokuwa akisema mama yake, na bibi yake, na kila aliyelelewa akaleleka.

"Karibu."

Wenzake waliacha kutafuna. Mwanamke yule alisimama, akaangalia juu ya nguzo, pale lilipotundikwa Sikio linalonasa kila kauli, kisha akamtazama Atuganile kwa huruma.

"Starehe, mama," akajibu upesi, akaenda zake.

Starehe ni jibu la adabu la mtu asiyetaka kusumbua waliokaa mezani. Lakini katika mji wa Ludewela wa siku hizo, mtu wa ziwani akilitamka alikuwa anasema pia: usiogope, mimi sikusikia. Halikusaidia kitu. Kikuku mkononi mwa Atuganile kilitetemeka mara mbili, na juu yake yakajitokeza maandishi madogo ya kijani. Kauli imepokelewa. Karibu, kwa mtu wa ziwani. Una siku saba.

Karani mmoja alicheka, akamwambia kwamba leo fundi wa majeneza amejipima mwenyewe. Atuganile naye akacheka, akaosha mikono. Chakula kilichobaki hakukigusa.

Na kinachouma ni hiki, kwamba Ludewela nzima hakuna aliyeipenda Sheria ya Kauli kama yeye. Baba yake alinyang'anywa shamba la viazi na jirani aliyemwambia mbele ya watu, "Lima tu, ni lako," kisha mvua mbili zilipopita akaapa kwamba hajawahi kusema neno kama hilo. Mzee alikufa akilitazama shamba lake kwa mbali. Masikio yalipowekwa kwenye nguzo, na kila mtu akavishwa kikuku, mambo hayo yalikoma. Ukisema, umesema. Aliyesema nakuja, alikuja. Fundi cherehani aliyesema kesho alimaanisha kesho, muujiza ambao vizazi vyote vilivyotangulia havikuushuhudia. Atuganile aliomba kazi katika Ofisi ya Kauli akiwa bado binti, na siku alipoipata alikwenda kanisani kushukuru.

Kisha ziwa likapanda. Lilimeza ufuko, likameza tanuru za wafinyanzi na mashamba ya muhogo, na watu wake wakaanza kupanda mlima na walichoweza kubeba. Baraza la mji liliogopa. Likaongeza kifungu kimoja kwenye sheria: watu wa ziwani wataingia siku ya gulio tu, hadi saa nane, na mwenyeji atakayemwambia mmoja wao karibu atahesabika amemchukua mgeni huyo chini ya paa lake. Kwa kosa hilo atafutwa jina, atavuliwa kikuku, na kutolewa nje ya lango kabla ya saa kumi ya siku ya hukumu. Kifungu hicho kilikuwa na miaka tisa sasa.

Tatizo likawa lile neno lenyewe. Sikio liliweza kupima pumzi na mtetemo wa sauti, likajua mzaha na kweli, likajua hata anayesema nakupenda huku akiangalia saa. Kwa neno karibu lilishindwa. Watu wa mlimani husema karibu wakiwa nusu usingizini, husema mdomo umejaa, husema kwa mtu wasiyemwona vizuri. Mafundi walihangaika miezi minne, wakasalimu amri. Wakaweka meza. Aliyeponyokwa alikwenda pale ndani ya siku saba, akainama mbele ya Sikio dogo, akasema neno moja, "Sikumaanisha," karani akabonyeza, na karibu ikafutika. Watu waliiita Meza ya Kuteleza, na karani wake kwa miaka yote tisa alikuwa Atuganile.

Aliijua meza hiyo kama anavyojua jiko lake. Mwaka wa pili aligundua ufa: kufuta nako ni kauli, kwa hiyo aliyefuta anaweza kuja siku yoyote akafuta kule kufuta kwake, na karibu yake ya zamani ikafufuka. Aliwaandikia mafundi. Walimjibu kwa ucheshi kwamba ufa huo hauzibwi, kwa sababu hakuna mwendawazimu atakayeupitia.

2

Angeweza kujifuta. Hilo lisemwe wazi, maana yeye mwenyewe hakulificha. Ufunguo wa meza ulikuwa mfukoni mwake, na asubuhi iliyofuata alikaa peke yake ofisini, akafungua orodha, akaliona jina lake limeandikwa chini kabisa. Kubonyeza mara moja tu. Hakuna Sikio linalomchunga karani akibonyeza.

Badala ya kubonyeza, alisoma majina yaliyokuwa juu ya lake. Siku zote alikuwa ameyaona moja moja, kila mtu na aibu yake, kila mtu akinong'ona na kuondoka. Hakuwahi kuyaona yamekaa pamoja. Yalikuwa elfu tatu na ushei. Mji mzima una watu wazima elfu nne. Wakunga walikuwamo, walimu walikuwamo, kwaya ilikuwamo karibu yote isipokuwa sauti ya besi. Watu elfu tatu walikuwa wamesema karibu, na yeye, mzee wa kanisa, aliwapokea mmoja mmoja na kuwasaidia kuikana.

Atuganile aliifunga orodha, akarudisha ufunguo mfukoni kwa hasira, na hasira yenyewe hakujua ni ya nani.

Jumamosi alimkuta Mchungaji Ambakisye Mwaipaja kanisani, amekunja suruali hadi magotini, anapiga deki, kwa sababu mtumishi wa usafi alikuwa mgonjwa. Mchungaji alimsikiliza huku ameegemea ufagio wa deki. Alianza alipotarajiwa kuanza: kwamba mamlaka imewekwa na Mungu, kwamba Mtume Paulo aliwaagiza Wakristo watii, kwamba Atuganile mwenyewe amewafundisha hayo vijana wa kipaimara mwaka hadi mwaka.

"Paulo alituandikia tutii," Atuganile alisema. "Na zile barua zake nyingine, Mchungaji, aliziandika akiwa wapi?"

Mchungaji alichovya ufagio ndani ya ndoo, akaukamua kwa muda mrefu kuliko ulivyohitaji.

"Gerezani," akasema.

"Basi alijua kutii ni nini. Na mimi nitatii. Wakiniambia toka, nitatoka, sitashindana na mlinzi. Wakiniambia vua kikuku, nitavua. Lakini wakiniambia niseme uongo, hapo wamevuka shamba lao wameingia la mwingine."

Mchungaji alikuwa na swali moja lililobaki, na lilikuwa swali la haki. Alimuuliza kama kweli ni uongo. Si aliteleza? Kwani pale barazani, na tonge mkononi, alikuwa amekusudia kumweka mwanamke yule nyumbani kwake?

Hilo ndilo lililokuwa limemnyima Atuganile usingizi siku tatu, na alimjibu polepole. Alikiri kwamba hakukusudia. Ulimi ulitangulia, moyo ukabaki nyuma. Lakini neno lenyewe hakulitunga yeye. Alipewa na mama yake, aliyepewa na mama yake, na wale walikuwa wamelimaanisha kwa ugali na kwa mkeka, hata mwaka wa njaa. Yeye alikuwa amelirithi kama mtu anavyorithi sufuria. Sasa moyo umeufikia ulimi, umechelewa lakini umefika, na haoni kwa nini aurudishe.

Kisha Mchungaji akasema, bila kumtazama, kwamba yeye naye aliwahi kuketi kwenye ile meza.

"Najua," alisema Atuganile. "Mimi ndiye niliyekufutia."

Ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio, miaka miwili nyuma. Mchungaji alipanda mimbarini akafungua ibada kwa maneno aliyoyasema maisha yake yote: karibuni wote. Mlangoni alikuwa amesimama mwanamume wa ziwani, kofia mkononi, hajui aingie au asiingie. Jumatatu Mchungaji alikuwa Ofisi ya Kauli asubuhi na mapema, wa kwanza kwenye foleni.

3

Siku ya saba ikaangukia siku ya gulio tena. Karani haruhusiwi kusikiliza shauri lake mwenyewe, kwa hiyo Mwenyekiti wa Baraza, Gwamaka Mwasanguti, alikuja akakaa kwenye kiti cha Atuganile, naye Atuganile akakaa upande wa pili kwa mara ya kwanza. Akagundua kwamba kiti cha wanaoteleza kina mguu mmoja mfupi, kinayumba. Miaka tisa hakuna aliyemwambia.

Habari ilikuwa imeenea. Barazani walijaa watu, madirishani walijaa, na mtaa wote hadi kwenye mabanda ya gulio ulikuwa umenyamaza.

Gwamaka hakuwa mtu mbaya, na anayetaka hadithi ya mtu mbaya akaitafute kwingine. Ndiye aliyekuwa besi ya kwaya. Ndiye aliyebeba upande mmoja wa jeneza la baba yake Atuganile. Alimsemesha kwa sauti ya chini, kama anayembembeleza mgonjwa anywe dawa, akamkumbusha kwamba ni neno moja tu, na kwamba Atuganile mwenyewe amelisikia neno hilo mara elfu tatu na mji haukuanguka. Atuganile alipotikisa kichwa, Mwenyekiti alitoa hoja yake kubwa.

"Dada Atu, kila mtu akijichagulia sheria ya kutii, tutabaki na nini? Aliyemdhulumu baba yako naye atachagua."

Ilimchoma. Aliinamisha kichwa, na watu wa madirishani wakadhani amekubali.

"Ufunguo wa meza hii umekuwa mfukoni mwangu siku saba," akasema mwishowe, akautoa, akauweka mbele yake. "Ningejifuta na wewe usingejua. Aliyemdhulumu baba alijificha, Kaka. Mimi nimekuja mchana, mbele ya watu, na nitachukua adhabu yangu yote. Naiheshimu sheria kuliko unavyodhani. Sasa niulize."

Gwamaka alijifuta uso kwa kiganja. Akauliza kama sheria inavyotaka, kwa sauti yake ya besi: je, kauli yako ya karibu, ulimaanisha au hukumaanisha?

Atuganile aliinama mbele ya Sikio, kiti kikayumba.

"Nilimaanisha."

Sikio likapima pumzi. Kwa miaka tisa lilikuwa limesikia neno lile lingine tu, na ilionekana kana kwamba linahitaji muda. Kisha kikuku kikafunguka, tik, kikaanguka juu ya meza. Atuganile alikiokota akampa Mwenyekiti kwa mikono miwili, kama unavyompa mkubwa wako kitu. Aliposimama alishangaa kuona jinsi mkono ulivyokuwa mwepesi. Alikuwa ametarajia kuogopa, na hofu ilikuwepo kweli, lakini furaha ilikuwa imekaa juu yake.

Alikuwa hajafika mlangoni aliposikia mtu anakohoa. Mchungaji Ambakisye alikuwa amesimama mbele ya meza. Hakukaa.

"Jumapili ya kwanza ya Majilio, mwaka juzi, nilisema karibuni wote," alisema, kwa sauti ileile ya mimbarini. "Jumatatu nilikuja hapa nikasema sikumaanisha. Nafuta kule kufuta. Nilimaanisha. Wote."

Tik.

Ndipo ule ufa ambao mafundi walisema hauna mwendawazimu wa kuupitia ukajaa wendawazimu. Mkunga Subilaga alikuja, akasema alimwambia karibu mama mjamzito wa ziwani akampa uji, kisha akakana, na uji ule umemkaa kooni tangu siku hiyo. Fundi cherehani alikuja. Mzee Lwitiko, asiyejulikana kwa ukarimu hata kwa wajukuu zake, alidai kwamba karibu yake ya mwaka wa tano ilisikika vibaya kwa sababu alikuwa na mfupa mdomoni, na kwamba sasa, bila mfupa, angependa iandikwe vizuri. Mama mmoja alikuwa na karibu tatu na hakukubali kuondoka hadi zote tatu zithibitishwe, ingawa kikuku chake kilikuwa kimeanguka kwenye ya kwanza. Foleni ilipozidi, mtu akakumbuka kwamba si lazima waje mezani. Kila nguzo ina Sikio. Kwa hiyo watu wakaanza kusemea kwenye nguzo, barabara nzima, ofisini hadi gulioni, nilimaanisha, nilimaanisha, na vikuku vikadondoka juu ya mawe, tik, tik, tik, mpaka ikasikika kama mvua ya kwanza kwenye bati.

Hakuna aliyetupa jiwe wala aliyetukana. Kila aliyevuliwa aligeuka, akashika njia ya langoni, kwa sababu hukumu ilisema atoke kabla ya saa kumi, na wote walikuwa watu wanaotii sheria.

4

Nje ya lango, watu wa ziwani waliokuwa wametoka saa nane ilipogonga walikuwa bado wanafunga mizigo yao. Waliona mji unatoka. Wa kwanza alikuwa mama wa makamo asiye na kikuku, hana hata kanga ya pili, na nyuma yake mchungaji aliyekunja suruali tena, kwa sababu ya tope, na nyuma yao kwaya, ambayo haiwezi kutembea pamoja hatua ishirini bila kuimba, basi ilikuwa inaimba.

Atuganile alimtafuta mwanamke wa vyungu akamwona chini ya ukingo wa barabara. Alimwendea akamsalimu, akamuuliza jina lake, jambo ambalo alipaswa kuliuliza wiki nzima iliyopita. Aliitwa Sekela. Sekela alimtazama mkono mtupu, akatazama umati, akauliza kwa woga ni nani aliyefanya haya yote.

"Tumeteleza," Atuganile alimjibu, na wote wawili wakacheka mpaka Sekela akalazimika kutua vyungu.

Saa kumi kasorobo Gwamaka alikuja langoni peke yake. Lango la Ludewela halikuwa na kitasa wala komeo. Lilifungwa kwa kauli ya mwenyekiti mwenye kikuku, na bila kauli hiyo hukaa wazi. Kwa hiyo kila mtu, ndani na nje, alijua amekuja kufanya nini. Kwaya ikanyamaza.

Alisimama kwenye kizingiti. Nyuma yake palikuwa na mabanda matupu, zahanati isiyo na muuguzi, na mashine ya maji ambayo fundi wake alikuwa nje pale, amekaa juu ya gunia la muhogo. Kikuku chake kilikuwa kinatetemeka mfululizo kumwarifu kwamba baraza halina akidi. Angeweza kufunga. Angekuwa na mji wake, na sheria yake, na sauti yake moja ya besi.

"Nimetafuta kwenye orodha," aliwaambia. "Nimetafuta jina langu nije niseme kama ninyi. Halimo. Miaka tisa sikuteleza hata mara moja. Nilikuwa nakula ndani, nimefunga mlango, nisije nikaonana na mtu."

Atuganile alimwonea huruma mtu huyo kuliko alivyowahi kumwonea mtu yeyote aliyeketi kwenye kile kiti kinachoyumba.

Mwenyekiti akashuka hatua moja kutoka kwenye kizingiti, akapenya katikati ya watu, akamtafuta kwa macho yule ambaye kesi yote ilikuwa juu yake. Alisimama mbele ya Sekela, akavua kofia. Kisha akalisema, kwa ile sauti iliyoshikilia kwaya miaka yote, na kila Sikio la nguzo za langoni likalisikia.

"Karibu."

Kikuku chake kikaanza kumwarifu, kwa maandishi madogo ya kijani. Hakungoja siku saba. Akasema nilimaanisha kabla maandishi hayajaisha, na kikaanguka kwenye tope, na lango la Ludewela halikuwa tena na mtu wa kulifunga.

Sekela hakusogea mara moja. Aligeuka kwanza kwa Atuganile, kana kwamba anataka kuhakikisha na yule aliyesema mwanzo. Atuganile aliinama, akachukua chungu kimoja, akampisha mbele. Watu wa ziwani wakajitwika mizigo yao. Na Sekela, mbele ya wote, hakusema starehe. Alinyoosha shingo chini ya vyungu viwili vilivyobaki, akaingia langoni, akajibu kama anavyojibu mgeni ambaye tayari yumo ndani.

"Nimeshakaribia."